Kivuli Ambacho Daftari Halikuuliza

Kila Jumatatu asubuhi lori la misitu lilipoondoka Lushoto kuteremka nyikani, lilibeba majembe, viriba vya miche, madebe ya maji, na mzigo mmoja ambao dereva Sefania hakuuelewa hata baada ya mwaka mzima. Yalikuwa majani mabichi ya makangaga, yaliyokatwa alfajiri kando ya kijito, yakafungwa kwa maganda ya mgomba, na mwenye mzigo akayakalia ili upepo wa kwenye kona usiyapeperushe.

"Mama Tatu," Sefania alimwuliza siku moja walipokuwa wamesimama kupoza injini, "unahama kidogo kidogo, au kuna mbuzi umemficha huko chini?"

"Wewe tazama barabara. Mwanamke haulizwi alichofunga."

"Aka! Lori la serikali hili, na mimi ndiye ninayetia saini."

"Basi tia saini kwamba umebeba majani."

Sefania akacheka, akawasha gari, na safari ikaendelea. Majani ni majani. Mlimani kote nani angesimama kuuliza habari ya majani?

Tatu Mahimbo alizaliwa Mlola, katika nyumba iliyozungukwa na migomba kiasi kwamba mvua ilipokoma angani iliendelea kudondoka mlangoni kwa nusu saa nyingine. Watu wa milimani, popote duniani utakapofika, wana neno lao la kuwasema watu wa chini, na mara nyingi neno hilo halina heshima. Washambaa wanaigawa nchi mara mbili. Kuna Shambaai, huko juu kwenye ukungu na migomba, mahali mtu anaponawiri. Na kuna nyika, huko chini kwenye joto, homa na njaa, mahali ambapo mtu huenda kwa kulazimika na kurudi upesi. Tatu hakufundishwa hayo kwa maneno tu. Mumewe Shabani aliteremka mwaka 1957 kukata mkonge. Baada ya miezi minane wenzake walimrudisha wamembeba, macho yamekuwa ya manjano, na mwezi haukwisha kabla hawajamzika. Tangu hapo Tatu alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba kilichozaliwa juu hakiachwi chini bila kufunikwa.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilisema watu wapande miti, na bustani ya miche ya Lushoto ikahitaji vibarua. Tatu aliingia mwaka 1962, akajaza udongo kwenye viriba, akang'oa magugu, akamwagilia. Vidole vyake vilikuwa vizuri. Mche uliokwisha kukatiwa tamaa na wengine, yeye aliuweka pembeni chini ya kangaga lake, na baada ya mwezi ulikuwa umesimama. Ulipofika mwaka wa elimu ya watu wazima, akaenda darasani jioni pamoja na akina mama wengine, akajifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka arobaini na mbili. Herufi zilimsumbua. Tarakimu hazikumsumbua hata kidogo.

Ni tarakimu zilizomfanya Bwana Tobia amchague.

Bwana Tobia alikuwa mtu wa Songea, mwembamba, mwenye miwani, aliyesomea misitu ng'ambo akarudi na sanduku la vipimajoto vilivyofungwa katika soksi zake mwenyewe. Watu walimwita Bwana Miti. Kwa cheo alikuwa mkubwa wa Tatu, kwa umri angekuwa mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo kila asubuhi alimwamkia "shikamoo mama" na papo hapo akamtuma kazi. Mwanzoni mwa 1971 alimchukua mpaka msitu wa Magamba kuchimbua miche ya mkulo. Mkulo ni mti mrefu wa mlimani, ambao ukivunja jani lake kiganja kinanuka kafuri. Kuuotesha kwa mbegu ni shida, ndiyo maana watu huchimbua machipukizi yake msituni.

"Tunachimbua mia moja na themanini," alisema. "Sitini tunapanda hapa juu. Sitini pale bustanini. Sitini nyikani."

Tatu akasimamisha jembe. "Mkulo uende nyikani kufanya nini, Bwana?"

"Kwa sababu siwezi kuupasha moto mlima mzima, mama. Wapo wataalamu wanaosema huenda dunia ikaja kupata joto, hata nyuzi chache tu. Nataka kujua misitu hii itafanya nini. Badala ya kungoja nyika ipande, tunauteremsha mti."

"Nyika ipande?" Tatu alicheka mpaka akaketi. "Nyika haina miguu, Bwana Tobia."

"Ukungu nao hauna. Lakini ni wewe uliyeniambia kwamba siku hizi huko Mlola ukungu unachelewa kushuka."

Kweli alikuwa amesema. Tatu akashika tena jembe.

Bwana Tobia alichuma jani la mkulo akaligeuza mgongo. Kazi ya jani aliijua jina lake kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Kwa Kiswahili hakuwa na neno moja la kumpa, basi akampa jiko. Jani, alisema, ni jiko. Moto wake ni jua, maji yanapanda kutoka mizizini, na hewa inaingia kwa vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hapo mti unajipikia chakula chake. Joto likiongezeka kidogo, jiko linapika upesi zaidi. Likizidi, jani linafunga vitundu ili lisikauke. Vitundu vikifungwa, hewa haiingii, na jiko linazimika jua likiwa bado utosini.

"Na mti wenyewe, wakati jiko limezimika, hauli?"

"Hapo ndipo penye shida. Unakula. Tena kadiri joto linavyozidi ndivyo unavyokula zaidi, mchana na usiku. Usiku wa Magamba ni baridi, mti unalala na akiba yake. Usiku wa nyikani una joto, mti unakesha unakula."

"Kumbe ni nyumba ya mtu maskini iliyopata wageni," alisema Tatu.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Maagizo yalikuwa mafupi. Miche ya chini ifunikwe miezi mitatu ya kwanza tu, mpaka ishike mizizi. Baada ya hapo vivuli viondolewe, iachwe na jua kama ilivyo. Maji debe moja kwa tuta, Jumanne na Ijumaa. Kipimajoto kisomwe saa mbili, saa saba na saa kumi na mbili. Urefu wa mche na hesabu ya majani yake viandikwe kila Ijumaa katika daftari lenye jalada gumu. Bwana Tobia alipiga mistari kwa rula na kuandika juu ya kila safu: Tarehe. Joto. Urefu. Majani. Waliokufa.

Shamba la majaribio lilikuwa chini ya mlima, hatua chache kutoka Kwendulele, kijiji cha ujamaa ambako kaya arobaini za watu wa juu, waliobanwa na uhaba wa ardhi, zilikuwa zimeteremka kuanza upya. Miongoni mwao alikuwa Athumani, mdogo wake Tatu wa tumbo moja. Tatu alilala kwake Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi lori lilimrudisha.

Miezi mitatu ilipokwisha, aliondoa vivuli kama alivyoagizwa. Siku ya kwanza, saa saba, kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na nne. Alitazama miche ile aliyoichimbua kwa mikono yake katika udongo mweusi wa Magamba. Majani yalikuwa yamelegea, yananing'inia kama masikio ya mbwa mgonjwa. Hakukaa kulifikiria sana. Alikwenda akachukua makangaga, akaifunika. Saa kumi alasiri akaifunua. Kesho yake akafanya hivyo tena, na kesho kutwa. Makangaga yalipokauka alileta mengine kutoka mlimani, maana nyikani hayaoti. Jumamosi, kabla ya kupanda lori, aliiacha miche imefunikwa hadi Jumatatu.

Hakuona kama anamdanganya mtu. Agizo la kuacha mche wa mlimani juani alilihesabu kuwa moja ya yale mambo ambayo watu wa shule huyasema kwa sababu hawajawahi kulea. Kijiji kizima kilimwona kila mchana akiinama na mizigo yake, na hakuna aliyefungua mdomo. Wote walikuwa Washambaa. Ukimwona mama amemfunika mtoto, utakwenda kumwarifu nani? Bwana Tobia naye alifika kukagua kila mwezi, daima asubuhi, apate kuwahi kurudi kwenye mikutano ya wilaya. Saa tatu miche ilikuwa wazi, imesimama, inang'aa.

Daftari lilikuwa la kweli kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Joto alilisoma kwa uaminifu, urefu aliupima kwa rula, majani aliyahesabu moja moja. Safu ya kivuli haikuwepo, na yeye alijaza safu zilizokuwepo.

Mwishoni mwa 1973 hesabu zilijumlishwa. Mikulo ya nyikani, kati ya sitini, ilikuwa imekufa sita tu. Iliyobaki ilikuwa imeipita kwa urefu ile ya Magamba. Bwana Tobia alizihakiki hesabu hizo usiku tatu, akaandika ripoti yake kwa furaha: mti wa mlimani unaweza kulizoea joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Ripoti ikapanda ngazi za ofisi, kisha ikateremka upesi kuliko ilivyopanda, ikiwa sasa ni agizo.

Tatu alilisikia agizo hilo Januari, amekaa kizingitini kwa Athumani anamenya muhogo.

"Dada, umetuletea bahati," Athumani alisema. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji mwaka huo, na alikuwa ameanza kusema kama redio. "Mikulo elfu nne! Masika haya tunapanda. Mbao za watoto wetu, ukuta wa kuzuia upepo. Kijiji cha kwanza nyikani kote."

"Mtaipanda wapi?"

"Shamba la muhogo la ujamaa. Ndipo kwenye udongo mzuri. Machi mosi tunang'oa."

Kisu cha Tatu kilisimama. Mvua za vuli zilikuwa zimeshindwa. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa urefu wa goti. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula cha kaya arobaini, nao haukuwa umekomaa.

"Athumani, na kivuli?"

"Kivuli gani?"

"Mikulo yangu haijaonja jua la mchana tangu ije hapa. Umeniona mwenyewe kila siku."

"Nimekuona, ndiyo. Na hiyo mipya si tutaifunika?"

"Kwa majani gani? Sitini inanimalizia mzigo mzima wa lori. Elfu nne utaifunika kwa kanzu yako ya Idi?"

Mkewe Athumani, Jenoveva, aliyekuwa akipepeta karibu yao, aliangua kicheko, kisha akakikata katikati alipoona uso wa wifi yake.

"Bwana Miti anajua," Athumani alisema polepole. "Ameandika."

"Bwana Miti hajui. Hajawahi kufika hapa saa saba."

Siku mbili Tatu hakupata raha. Januari hiyo hiyo jina lake lilikuwa limepelekwa wilayani aajiriwe kazi ya kudumu, baada ya miaka kumi na miwili ya ukibarua. Lakini lililomchoma zaidi ni daftari. Alikuwa amelionyesha kwa mwalimu wake wa kisomo, ukurasa baada ya ukurasa, na mwalimu alisema hajaona kazi safi kama ile. Sasa kila tarakimu iliyomo ilikuwa ya kweli, na zote pamoja zilikuwa zikienda kung'oa muhogo wa watu.

Jumamosi akapanda na lori, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Tobia.

"Bwana, wiki ijayo uje kukagua. Lakini uje saa saba."

"Saa saba nina kikao, mama."

"Basi kikao kikungoje. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Alifika Alhamisi, shati limemganda mgongoni. Tatu hakuwa ameondoa chochote. Alimwacha atembee peke yake kati ya matuta, miche hamsini na minne, kila mmoja chini ya paa lake la makangaga. Bwana Tobia aliinua paa moja, akachungulia, akalirudisha taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyosema niondoe."

"Miaka miwili na nusu! Mama Tatu! Miaka miwili na nusu nimepima kivuli chako?"

"Hukuuliza kivuli. Uliuliza joto."

Alikuwa hajakusudia kujitetea, na alipoyasikia maneno yake aliona haya. Bwana Tobia alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha alisema maneno makali, ya mtu aliyekwisha kusifiwa mbele ya wakubwa na sasa anapaswa kurudi kwao mikono mitupu. Tatu aliyasikiliza yote amesimama, kichwa kimeinama. Yalipokwisha akasema, "Ni haki yako. Lakini Machi mosi wanang'oa muhogo."

Bwana Tobia akatazama upande wa kijiji, ambako shamba lile lilionekana, kijani pekee katika nchi iliyopauka.

"Siwezi kufuta ripoti kwa neno tu," alisema mwishoni. "Watasema nimeogopa. Watataka hesabu. Nipe wiki tano." Akachukua daftari, akapiga mstari mmoja zaidi pembeni, safu nyembamba, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki ndogo. Juu yake akaandika: Kivuli. "Nusu ya miche utaendelea kuifunika. Nusu utaiacha. Na safari hii utaiacha kweli."

Akaiacha nusu hiyo kweli. Hakuna kazi aliyowahi kupewa iliyokuwa nzito kama ile. Maisha yake yote alikuwa akifanya kitu, na sasa kazi yake ilikuwa kuketi. Saa saba alisoma nyuzi thelathini na tano, thelathini na sita, na makangaga yalikuwa pale pale, mkono ukinyooshwa unayafikia. Majani yaliyokuwa yamelelewa kivulini yaliungua kwanza kwenye ncha, kisha kingo zikajikunja, kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Katika safu nyembamba aliandika Hakuna, Hakuna, Hakuna. Wiki ya pili Jenoveva alimletea uji akamkuta amekalia mikono yake.

"Wifi, vipi?"

"Naizuia."

Wiki ya tatu ilikufa minane. Ya nne, saba. Mwisho wa ya tano, kati ya ishirini na saba, ilikuwa hai minne. Ile iliyofunikwa ilikuwa hai yote.

Hiyo minne Tatu aliichunguza kwa makini kuliko wafu wote. Majani yaliyotoka nayo kivulini yalikuwa yameanguka, hakubaki hata moja. Kwenye vinundu vya matawi kulikuwa kumechipua mengine, madogo, manene kidogo, yenye rangi ya kijani iliyofifia. Saa saba yalikuwa yamesimama. Aliandika katika safu ya Majani, kisha, kwa kuwa hapakuwa na safu ya kusema alichokiona, akageuza ukurasa na nyuma yake akaandika kwa herufi zake za darasa la jioni: JANI LA ZAMANI HALIWEZI. LILILOZALIWA HAPA LINAJARIBU.

Bwana Tobia aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akamweleza kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo: mti unaweza kujitengenezea jiko jingine kulingana na joto, lakini kuna kikomo, na mingi hufa kabla haijalikamilisha. Hakusema amemsamehe. Alichukua daftari likiwa wazi, akaelekea kijijini, na Tatu akamfuata nyuma.

Mkutano ulifanyika Februari 27 katika banda la shule. Bwana Tobia alisimama mbele ya kaya arobaini na katibu kata, akasema ripoti yake ilikuwa na makosa na kwamba mikulo isipandwe. Katibu kata akauliza makosa ya nani. Bwana Tobia alifungua mdomo, lakini Tatu alikuwa amekwisha kusimama.

"Yangu. Niliifunika."

 Kisha mzee mmoja, mzaliwa wa Mgwashi huko mlimani, akasema kwa sauti ya mtu asiyeona tatizo liko wapi: "Sasa angeiachaje?" Kicheko kikazuka pande zote. Hata katibu kata akacheka, ingawa alikuwa wa kwanza kuacha.

"Ndugu katibu," Athumani alisema, akiwa amerudia sauti yake ya kawaida, isiyo ya redio, "sisi wenyewe tulimwona kila siku. Kama ni kosa, andika kijiji. Ila muhogo uache."

Muhogo ukaachwa. Ajira ya kudumu ya Tatu ilicheleweshwa miaka mitatu, na katika faili lake kukawa na barua ambayo hakuisoma, ijapokuwa sasa angeweza. Bwana Tobia alihamishiwa mkoa mwingine mwaka 1976. Kabla ya kuondoka alimwachia kipimajoto kimoja, ndani ya soksi.

Masika ya mwaka ule wa mkutano, 1974, yalichelewa, na yalipokuja yalikuwa haba hata mlimani. Mwezi Agosti, Tatu akiwa bustanini Lushoto, lori la Sefania lilipanda kutoka nyikani, nalo kwa mara ya kwanza lilikuwa zito kurudi kuliko kwenda. Magunia mawili ya muhogo, yameshonwa kwa kamba ya mkonge, yametumwa na Athumani kwa dada yake na majirani wa Mlola.

"Mama Tatu!" Sefania alipiga kelele kutoka dirishani. "Njoo upokee. Leo nyika imepanda mlima!"

Tatu, aliyekuwa ameinuka akitabasamu, alisimama kidogo. Akatazama juu, kwenye kilele cha Magamba, kilichokuwa wazi kabisa, bila ukungu, na huu ulikuwa Agosti, mwezi wa ukungu.

"Shusha hayo magunia kivulini," alimwambia Sefania. "Nakuja. Ni saa saba, sijasoma kipimajoto."